Moyo Uliodhoofu: Dalili Zake na Namna ya Kujitunza
(Mazungumzo na wananchi wa Nyakasimbi, Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera)

Mtu akivimba miguu na kuhema apandapo kilima cha kwenda shambani, wengi wetu husema ni uzee, na wengine husema amerogwa. Kauli hizo ndizo zinazowachelewesha wagonjwa. Utafiti wa wagonjwa 427 waliotibiwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55 tu, na kwamba chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu.

Moyo kushindwa kazi si moyo kusimama. Maana yake ni kwamba umedhoofu, hausukumi damu ipasavyo, na maji hujikusanya mapafuni, miguuni na tumboni. Dalili zake ni pumzi kukatika kwa kazi ndogo, kushindwa kulala bila kuongeza mito, kushtuka usiku kwa kukosa hewa, kuvimba miguu, na uchovu usiokwisha.

Mgonjwa na ajipime uzito kila asubuhi kabla ya kula. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 katika siku 3, hayo ni maji, si unono. Aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Asiye na mizani abonyeze muundi kwa kidole gumba: shimo likibaki, maji yamezidi. Apunguze chumvi katika ndizi na maharage, na aepuke samaki wa chumvi. Asimeze dawa za maumivu kama diklofenaki bila kumwuliza daktari, kwani huzuia maji na chumvi mwilini. Wala asiache dawa alizoandikiwa kwa kuwa amepata nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa zenyewe.

Anayekosa pumzi hata akiwa amekaa, au aliyezimia, asisubiri kuche. Apelekwe hospitali mara moja, kama ile ya Nyakahanga. Daktari ndiye atakayeamua iwapo apewe rufaa ya kwenda Bukoba, Bugando mjini Mwanza, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Ndugu Wananchi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jirani akianza kuhema, tusimcheke wala tusimnong'one, tumsindikize akapimwe.