Majirani Zetu na Kompyuta ya Wakemia



Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kilichoko Johannesburg, kilikuwa cha kwanza barani Afrika kuingia katika mtandao wa kompyuta za kwantamu wa kampuni ya IBM ya Marekani. Karibu zaidi nasi, mjini Kigali, Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati nayo ilianzisha kituo cha utafiti wa fani hiyo, kikaitwa Quantum Leap Africa. Habari hizo zilipita kimya kimya. Hata hivyo zinahusu mbolea, na panapotajwa mbolea askari hana budi kutega sikio.

Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alifaulu kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni, akapata amonia. Mwaka 1913 kampuni ya BASF ikaanza kuitoa kwa wingi kiwandani Oppau. Mwaka uliofuata vita vikuu vilizuka, na manowari za Uingereza zikawafungia Wajerumani njia ya kupata shura ya Chile, ambayo ndiyo waliyoitegemea kwa baruti. Amonia iliyokusudiwa kustawisha mashamba ikawalishia mizinga hadi mwaka 1918.

Njia hiyo ndiyo itumikayo hadi leo. Inadai joto la nyuzi 400 na zaidi, na mgandamizo unaoushinda ule wa hewa zaidi ya mara mia. Nchi isiyo na kiwanda hununua kwa bei itakayotajiwa, kama wakulima wa Afrika Mashariki walivyoonja mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei. Lakini katika mizizi ya kunde na maharage wamo bakteria wanaoifanya kazi hiyo hiyo bila tanuri, katika joto la udongo tu. Hutumia kimeng'enya chenye chuma na molibdenamu. Wakemia wanalijua umbo lake. Namna kinavyofanya kazi, hatua kwa hatua, ndiyo bado inayowatatiza.

Kinachowatatiza ni elektroni. Kila elektroni huathiri mwenzake, na kila inapoongezwa sehemu moja ya hesabu, kazi nzima huongezeka maradufu: 2, 4, 8, 16. Ukirudufisha mara 50 tu umekwisha pita trilioni 1,000. Kompyuta za kawaida hulemewa, nazo hubahatisha. Mwaka 1981 Mmarekani Richard Feynman alishauri kwamba, kwa kuwa maumbile yenyewe yanafuata kanuni za kwantamu, mashine ya kuyaiga nayo ifuate kanuni hizo. Ikikamilika, mhandisi ataweza kupima kichocheo, betri au dawa kwa hesabu kabla ya kuwasha moto maabarani.

Ikikamilika, tunasema. Wapo wachuuzi wanaoitangaza kana kwamba iko dukani. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba hesabu ya kimeng'enya hicho ingehitaji kyubiti, yaani vipande vya kuhesabia, zipatazo milioni 4, zikifanya kazi kwa muda wa karibu siku 4. Mashine ya Google iliyotangazwa Desemba 2024 ilikuwa na kyubiti 105.

Lakini jambo moja halingoji. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba mashine ya namna hiyo, ikiwa kubwa ya kutosha, itaweza kuvunja maandishi ya siri ya aina inayotumika sana katika benki na mawasiliano. Adui aweza kuunasa ujumbe leo, akauhifadhi, akausoma miaka mingi baadaye. Ndiyo maana Agosti 2024 Marekani ilitoa kanuni 3 za kwanza za usiri zilizokusudiwa kuihimili mashine hiyo. Zimechapishwa wazi, na ofisa wa mawasiliano wa nchi yoyote, Rwanda, Afrika Kusini au hapa kwetu, anaweza kuzisoma bila malipo.