Shikuku, Bunge na Maneno Yanayoandikwa

Haya ni maneno niliyozungumza na vijana hapa Karurumo. Waliokosa kufika waliomba, basi nimeyaandika karibu vile yalivyotoka mdomoni. Mkiona nimeruka huku na huku, mjue ndivyo nilivyoongea.

Vijana wenzangu, kaka na dada, leo sitaongea juu ya mtu wa kwetu. Nataka tumwongelee mzee mmoja wa Butere, Martin Shikuku. Najua wengine hapa hamjawahi kulisikia hilo jina. Alifariki Agosti 2012, na wakati huo baadhi yenu mlikuwa bado mnafundishwa kushika kalamu.

Shikuku aliingia Bunge mwaka 1963, mwaka tuliopata uhuru, akiwa na miaka 30 tu. Yaani umri wa wengi wetu tulioketi hapa. Alikuwa kijana wa KADU, chama kilichokuwa upinzani. KADU ikavunjwa mwaka uliofuata na wabunge wake wakahamia KANU. Kuanzia hapo hakukuwa na upinzani wa kuongelewa, ukiondoa ile miaka michache ya KPU ya Jaramogi, nayo ikapigwa marufuku 1969. Lakini Shikuku hakujifunza kunyamaza. Akajiita mlinzi wa wananchi, na akawa anasimama Bungeni kuuliza maswali ambayo wenzake walikuwa wanayanong'ona tu kwenye mkahawa.

Sasa tufike mwaka 1975. Huo mwaka mnafaa kuujua. Mwezi wa tatu J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa na mwili wake ukapatikana Ngong. Bunge likaunda kamati teule kuchunguza, mwenyekiti akiwa Elijah Mwangale. Ripoti ilipoletwa, serikali haikuitaka. Kura zikapigwa: 62 wakaikubali, 59 wakaikataa. Tofauti ya watu watatu! Masinde Muliro alikuwa waziri, akapiga kura upande wa ripoti, akafutwa kazi. John Keen na Peter Kibisu vilevile. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema kura ya Bunge ni mchezo, mwambie kuna watu walilipa kwa mkate wao.

Katika hali hiyo ndipo Shikuku akasimama, Oktoba mwaka huo huo. Akasema kuna watu wanajaribu kuliua Bunge vile KANU ilivyouliwa. Hiyo tu, sentensi moja. Upande wa pili wakaruka juu: thibitisha! Kwa kanuni za Bunge, ukisema jambo zito unaweza kutakiwa ulithibitishe au uliondoe. Aliyekalia kiti siku hiyo alikuwa Naibu Spika, Jean-Marie Seroney wa Tinderet. Seroney akatoa uamuzi kwamba hakuna haja ya kuthibitisha jambo lililo wazi.

Mlicheka hapo, na hata mimi nilipolisoma mara ya kwanza nilicheka. Lakini siku chache baadaye, tarehe 15 Oktoba, polisi waliwakamata wote wawili ndani ya viwanja vya Bunge. Hawakufikishwa kortini, wala hakuna aliyewasomea mashtaka. Waliwekwa kizuizini kwa sheria ya usalama wa umma, ile iliyoruhusu serikali kumfungia mtu bila kesi, na wakakaa huko zaidi ya miaka mitatu. Walitoka Desemba 1978, baada ya Kenyatta kufariki na Moi kuingia, siku moja na Ngũgĩ wa Thiong'o. Nyuma yao, mwaka 1977, George Anyona wa Kitutu Mashariki naye alikuwa amefuatwa Bungeni na kukamatwa.

Nawauliza: kwa nini serikali yenye jeshi, polisi na redio iogope sentensi moja ya mtu asiye na hata rungu?

Jibu langu ni hili. Maneno ya Bunge huandikwa. Kuna kitu kinaitwa Hansadi, taarifa rasmi ya kila kinachosemwa mle ndani, na nani amekisema, na tarehe gani. Mtu akiropoka kwenye mkutano wa hadhara, kesho atasema alinukuliwa vibaya. Bungeni hana pa kujificha. Maneno ya Shikuku yameandikwa humo pamoja na uamuzi wa Seroney. Waliweza kuwafunga waliosema, lakini maneno yenyewe yalibaki pale pale.

Simfanyi mzee awe malaika. Si kila alichosema kilikuwa cha haki. Kwa Wakenya wenye asili ya Asia alikuwa na ulimi mkali kupita kiasi, na sisi ambao tumewahi kuhukumiwa kwa majina yetu tunafaa kuwa wa kwanza kuliona hilo. Pia aliwahi kuwa waziri msaidizi, akala meza moja na wale aliokuwa akiwakosoa. Ila rekodi iko, nzuri na mbaya, na ndiyo maana tunaweza kumpima.

Alirudi Bungeni 1979. Mwaka 1991 akawa mmoja wa wale sita walioanzisha FORD kudai vyama vingi: Jaramogi, Muliro, Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge, na Ahmed Salim Bamahriz wa Mombasa. Hilo jina la mwisho lishikeni. Kuna watu huko nje hupenda kutuambia Waislamu hatukuwepo demokrasia ikipiganiwa.

Na msidhani haya yalikuwa mambo ya Nairobi na Butere peke yake. FORD ilipogawanyika, Shikuku alikwenda na Matiba wakaunda Ford-Asili. Mwaka 1992 watu wa hapa hapa Runyenjes walimchagua Njeru Kathangu kwa tiketi ya hicho chama. Mwaka uliofuata akakamatwa pamoja na Koigi wa Wamwere. Waulizeni wazee wenu wa Karurumo, watawasimulia kuliko mimi.

Haya, turudi kwetu. Juni 2024 sisi vijana tulifanya jambo ambalo halikuwa limefanyika. Mswada wa Fedha ulipopigiwa kura tarehe 25, tulijua kwamba 195 waliuunga mkono na 106 wakaukataa, na tukajua majina, mmoja mmoja. Orodha ilikuwa kwenye simu kabla ya jua kutua. Watu walipoteza maisha siku hiyo, Mungu awape wazazi wao subira. Kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Lakini hebu niambieni, tangu siku hiyo nani hapa amefuatilia kura nyingine yoyote? Mnaona? Vidole viwili tu vimeinuka.

Tena kuna jambo lililokuwa karibu zaidi na sahani zetu. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Mei, kaunti kadhaa za Pwani zilipiga marufuku muguka. Hapa Embu ikawa moto: muguka ni karo za shule, ni chakula. Huko Mombasa wazazi, wengi wao ndugu zetu katika dini, wakawa wanalia kwamba watoto wao wanaharibika. Siingii kuamua nani yuko sawa, hiyo ni mada ya siku nzima. Ninachosema ni kwamba sisi tulitukanana kwenye simu, Embu na Pwani, wiki nzima. Rais alipojibu marufuku ile, alitaja Sheria ya Mazao ya 2013 na kanuni za miraa za 2023, akasema zilipitishwa na Bunge la Kitaifa na Seneti. 2023! Jambo lilikuwa limepita mikononi mwa wawakilishi wetu mwaka mzima kabla ya kelele. Mkulima wa hapa na mama wa Kisauni, wote wawili, walifaa kusikika wakati kanuni zile zikiwa mezani, si baada ya lori kuzuiwa barabarani.

Kwa hivyo tunafanya nini? Katiba ya 2010, kifungu cha 117, inalinda uhuru wa kuongea Bungeni, kwa hivyo mbunge wako hana kisingizio cha Oktoba 1975. Kifungu cha 118 kinalazimisha Bunge lifanye kazi wazi na liwashirikishe wananchi. Cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, hata wewe mwenye boda hapo nyuma. Na cha 120 kinasema lugha za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara, kwa hivyo usiniambie Kiingereza kimekushinda.

Hansadi iko kwenye tovuti ya Bunge, bure. Ni ndefu na mara nyingi inachosha, siwadanganyi. Ukiifungua, tafuta jina la mbunge wako na uangalie mambo machache tu. Aliuliza swali, au alishukuru Spika akaketi? Aliongea kuhusu mswada wenyewe, au alisifu mkubwa fulani dakika tano? Kama hakuongea kabisa, aliwasilisha nini kwenye kamati? Kuna wabunge wazuri wasio wasemaji ambao kazi yao iko kwenye kamati, tusiwaonee.

Jumamosi ijayo baada ya Dhuhri tutakaa tena hapa. Tugawane miezi: kila watu watatu wachukue mwezi mmoja wa Hansadi ya mwaka huu, watafute kila mahali Runyenjes au Embu imetajwa, waandike tarehe na maneno yenyewe. Wenye bando wawasaidie wasio nayo. Dada zetu wawili wamekubali kuandika rasimu ya ombi, na mwenye jambo la kuingizwa awapelekee kabla ya Ijumaa.