Mtu Mzima na Kichina



Wapo wanaoniuliza: mtu mzima kama wewe, mwenye wajukuu, unatafuta nini kwenye Kichina? Leo nitawajibu.

Kwanza, lugha za Asia si ngeni kwetu. Gari, bima, hundi na laki ni maneno yaliyotufikia kutoka Bara Hindi. Mtoto wa madrasa anasoma Kiarabu kwa ajili ya dini yake. Vijana wa mjini wanaokota Kihindi kwenye filamu, na siku hizi Kikorea kwenye tamthilia. Kila mmoja ana lake, na hakuna la kudharauliwa.

Langu mimi ni riziki. Nauza vitasa na bawaba, na mzigo wangu unatoka Guangzhou. Huko nazungumza kwa mdomo wa mkalimani. Simsingizii mtu, lakini najiuliza: mkalimani anayepewa kamisheni na muuzaji, yuko upande wa nani? Bei ikipanda, nitajuaje kama imepandishwa na chuma au na yeye? Na mkataba ninaotia sahihi, nani amenisomea?

Ugumu upo. Kichina sanifu kina toni nne. "Mai" ya kushuka kisha kupanda ni kununua. "Mai" ya kushuka tu ni kuuza. Mfanyabiashara asipotofautisha hayo mawili, ana kazi! Lakini hakina ngeli kama zetu, wala kitenzi hakibadiliki kwa nafsi. Mchina anayejifunza Kiswahili naye ana mzigo wake.

Na mzigo huo wenzetu wameubeba zamani. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, lakini vyuo vya Beijing vilikuwa vikifundisha Kiswahili tangu miaka ya 1960. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza 2013. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita katikati. Muda wote huo, mezani walikuwapo watu wanaotuelewa tukinong'onezana, na sisi hatuwaelewi.

Sisemi kila mtu akimbilie Kichina. Nasema, mwenye sababu yake asingoje ruhusa ya wanaocheka. Mimi sitafuti cheti. Nataka siku moja niulize bei mwenyewe, na jibu nilisikie kwa masikio yangu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.