Je, Serikali za Majimbo Zibane Matumizi Uchumi Unapodorora?

(Haya ni maneno niliyoyatoa kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Marekani. Nayaweka hapa ili na walioko nyumbani wachangie.)



Mada hii wengi huiona ni ya wachumi. Mimi ni muuguzi. Lakini bajeti ya jimbo ikikatwa, matokeo yake huja wodini, kwa hiyo nami nina la kusema.

Kwanza tuelewane. Serikali ya shirikisho inaweza kukopa kufidia pengo la bajeti. Majimbo hayana uhuru huo: karibu yote, isipokuwa Vermont, yanabanwa na masharti ya kulinganisha mapato na matumizi. Uchumi ukianguka watu wanapoteza kazi, kodi inapungua, na wakati huo huo wanaohitaji Medicaid, yaani bima ya watu wa kipato kidogo, wanaongezeka.

Wanaotaka kukata wanasema nyumba yenye busara hupunguza matumizi mapato yakipungua. Hoja hiyo ina uzito, na ubadhirifu ukatwe kila siku, mdororo uwepo usiwepo. Lakini jimbo si nyumba. Matumizi yake ni mishahara ya watu. Ukimwachisha mwalimu kazi, mwenye duka naye anakosa mteja, kodi inashuka tena, na mwaka unaofuata mnarudi kukata.

Tuangalie yaliyofuata mdororo ulioanza Desemba 2007. Hawaii ilifunga shule za serikali Ijumaa 17 katika mwaka wa masomo 2009-2010, walimu wakiwa likizo bila malipo. Oktoba 2010 Arizona iliacha kulipia baadhi ya upandikizaji wa viungo kwa wagonjwa wa Medicaid, hata waliokuwa tayari kwenye foleni. Malipo yalirudishwa Aprili 2011. Ndugu zangu, mgonjwa anayesubiri ini hana miezi sita ya kuwasubiri wabunge.

California nayo, Julai 2009, iliondoa sehemu kubwa ya matibabu ya meno kwa watu wazima wa Medicaid. Je, meno yaliacha kuuma? Tangu 1986 sheria inazitaka idara za dharura kumpima kila anayefika na kumpa huduma ya kuokoa hali yake, awe na bima asiwe nayo. Watafiti waliofuatilia walikuta wagonjwa wa meno katika idara hizo wameongezeka, na gharama zimepanda. Pale dharura mtu hupewa dawa ya maumivu, jino bovu akaondoka nalo. Isitoshe, kwa kawaida kila dola ambayo jimbo linaiondoa kwenye Medicaid hupoteza walau dola nyingine ya shirikisho. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi jimbo lifanye nini? Moja, liweke akiba miaka ya neema badala ya kugawa misamaha ya kodi kila ziada inapoonekana. Mbili, mdororo ukija litumie akiba hiyo kwanza, na wenye uwezo wachangie zaidi kwa muda. Tatu, serikali ya shirikisho isaidie mapema. Sheria ya 2009 iliyapa majimbo takriban dola bilioni 140, lakini msaada ulikwisha kabla mapato hayajarudi, na walimu wengi wakapoteza kazi. Mwaka 2021 zilitolewa bilioni 350 kwa majimbo, miji na serikali nyingine za chini, na majimbo mengi hayakulazimika kukata kama zamani.

Hili linatugusa sisi. Wengi humu ukumbini tunatunza wazee, na Medicaid ndiyo inayowalipia zaidi ya nusu ya wakazi wa nyumba za wazee nchini. Saa zetu zikipunguzwa, ada ya mdogo wako Tanga au Kisumu inachelewa. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 inapunguza fedha za shirikisho za Medicaid miaka ijayo, kwa hiyo mdororo mwingine utayakuta majimbo yakiwa dhaifu zaidi.

Wenye uraia, wabunge wa majimbo huchaguliwa kwa kura chache sana. Kabla ya kumpa mtu yako, muulize: siku kodi ikipungua, utaanza kukata wapi?

Naomba kuwasilisha.