Coltan, mwangaza na minervali ya watoto

(Mazungumzo mbele ya wanamemba wa Masisi na Walikale)



Katika kikao kilichopita mzazi mmoja aliuliza: "Mtoto asome fizik ya nini, na kule Rubaya anapata pesa leo leo?" Hakuna aliyecheka. Wengi tulirudi tukakuta shamba limekuwa pori, na minervali haingoji mavuno. Basi tujibu kwa jiwe lenyewe.

Coltan ya Masisi iko na vyuma viwili ndani: tantali na niobi. Tantali inaingia katika simu, hiyo mnaijua. Niobi ndiyo haisemwi (nyingi duniani inatoka Brazili, tusijidanganye). Ukiiunga na litiamu na oksijeni, unapata fuwele, kijiwe safi kama kioo. Mwangaza wa leza ukipita humo, mara chache chembe moja ya mwangaza inagawanyika kuwa mbili. Ni kama kuchenji noti ya franka 1000 kwa mbili za 500: nguvu haipotei.

Mapacha hao ndio wa ajabu. Ukimpima mmoja, majibu ya mwenzake yanalingana naye hata akiwa mbali, na hakuna mapatano ya siri ya mbeleni yanayoweza kueleza jambo hilo. Einstein alikataa. Alain Aspect alilipima huko Orsay, Ufaransa, 1981 na 1982. Yeye alitumia atomu za kalsiamu, fuwele zilishika kazi hiyo baadaye. Mwaka 2022 alipewa Nobel pamoja na John Clauser na Anton Zeilinger. Na mjue hili: mwanzoni mwa miaka ya 1970 huyo Aspect alikuwa mwalimu Cameroun, miaka mitatu, badala ya jeshi. Hukohuko, akipata nafasi, alikuwa anajisomea fizik ya kwantumu.

Tantali nayo imeingia. Mwaka 2021 watafiti wa Princeton walionyesha saketi ya tantali inayoshika habari ya kwantumu zaidi ya milisekunde 0.3. Kwenu ni kufumba jicho, tena kidogo sana. Kwa mashine zile ni muda mrefu.

Sasa turudi kwetu. Mahali tunapopita Walikale, mwalimu mmoja anafundisha hesabu, fizik na kemia, na ubao ndio labo yake. Masisi, kijana anayeacha darasa la hesabu tunamkuta shimoni, na udongo wa shimo unaanguka bila kuuliza umri.

Kwa hiyo tunaomba kisanduku chetu kilipe mwalimu wa fizik mwaka wa masomo unaokuja, mbele ya mabati ya ofisi. Tunajua wengine wanasema mabati kwanza, juu mvua inanyesha. Ni kweli, inanyesha, hata sisi tunalowa mule. Kura itapigwa kikao kinachokuja. Anayetaka mabati aje aseme mbele ya wazazi. Wafadhili, tunaomba jibu lenu kabla ya masomo kuanza Septemba.