Jirani Anapojitoa katika Jumuiya ya Kibiashara: Kazi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ireland, 2016–2023, na Mafunzo yake kwa Afrika Mashariki

1. Utangulizi

Nchi inapoamua kujitoa katika jumuiya ya kibiashara, mjadala mwingi huhusu nchi hiyo yenyewe: siasa zake, sarafu yake na kampuni zake. Mada hii inachunguza upande wa pili wa mpaka, yaani nchi jirani inayobaki ndani ya jumuiya, ambayo haikushiriki katika uamuzi huo wala haikuombwa ridhaa, lakini italazimika kuishi na matokeo yake. Mfano unaochambuliwa ni wa Ireland baada ya Uingereza kupiga kura ya maoni tarehe 23 Juni 2016, ambapo asilimia 51.9 ya wapiga kura walichagua kujitoa katika Umoja wa Ulaya.

Hoja kuu ya mada hii ni kwamba nchi inayobaki haina uwezo wa kumzuia jirani yake asiondoke, ila inaweza kuamua kwa kiasi kikubwa ni suala lipi litangulie katika mazungumzo ya kuachana, na kwamba uwezo huo hujengwa na wanadiplomasia miezi mingi kabla wajumbe hawajaketi mezani. Mada inaeleza kazi tatu zilizofanywa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Ireland, inapima gharama ya mkakati wake, kisha inatoa mapendekezo kwa nchi za Afrika Mashariki.

2. Istilahi na mazingira

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, ni vyema kutofautisha ngazi za ushirikiano wa kibiashara. Eneo huru la biashara ni mapatano ambayo nchi wanachama huondoleana ushuru, lakini kila nchi hubaki na viwango vyake vya ushuru kwa bidhaa zitokazo nje ya eneo hilo. Umoja wa forodha huenda mbele zaidi, kwa kuwa wanachama wote hutoza ushuru mmoja wa pamoja kwa bidhaa za nje, na hivyo bidhaa ikishaingia kihalali katika nchi moja huweza kuzunguka katika nchi zote. Soko la pamoja huongeza juu ya hapo uhuru wa watu, huduma na mitaji kuvuka mipaka, pamoja na kanuni zinazofanana kuhusu ubora na usalama wa bidhaa.

Kutokana na maana hizo, nchi inapojitoa katika umoja wa forodha, mpaka wake na jirani aliyebaki hugeuka kuwa mpaka wa jumuiya nzima, na mzigo usiokaguliwa hapo huwa umeingia katika soko la wanachama wote. Ndiyo maana jirani anayebaki hujikuta katika hali ngumu: akiuacha mpaka wazi, wenzake watamwona kuwa ni mlango wa magendo, na akiufunga, huwaumiza wananchi wake mwenyewe.

Kwa Ireland hali hiyo ilikuwa na uzito wa kipekee. Nchi hiyo ilijiunga na jumuiya ya Ulaya siku moja na Uingereza, tarehe 1 Januari 1973, na mpaka wake na Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, una urefu wa takriban kilomita 500 na zaidi ya njia 200 za kuvukia. Kwa miongo mitatu ya mapigano, mpaka huo ulikuwa na vituo vya kijeshi na barabara zilizozibwa. Makubaliano ya Ijumaa Kuu ya tarehe 10 Aprili 1998 yaliyomaliza mapigano hayo yaliwezesha vituo hivyo kuondolewa, yaliunda vyombo vya ushirikiano kati ya kaskazini na kusini, na yaliwapa wakazi wa kaskazini haki ya kujitambulisha kuwa Waireland, Waingereza au vyote viwili. Kurudisha vizuizi vya forodha katika mpaka huo kungegusa biashara na amani kwa pamoja.

3. Kazi ya kwanza: kuifanya hoja ya taifa kuwa hoja ya jumuiya

Serikali ya Ireland ilianza kujiandaa kabla ya kura kupigwa, na siku iliyofuata, tarehe 24 Juni 2016, ilitangaza mpango wake wa dharura. Maandalizi hayo yalikuwa na thamani kwa sababu Uingereza ilichukua miezi tisa, hadi tarehe 29 Machi 2017, kutoa taarifa rasmi ya kujitoa kwa mujibu wa kifungu cha 50 cha Mkataba wa Umoja wa Ulaya. Katika kipindi hicho, mazungumzo rasmi hayakuweza kuanza, lakini balozi za Ireland katika miji mikuu ya Ulaya hazikuwa na kizuizi cha kuzungumza na serikali za nchi wanachama wengine, ambazo nyingi hazikuwa na sababu ya kuufahamu mpaka ulio mbali nazo.

Kazi ya wanadiplomasia hao ilikuwa kuwaeleza wenzao, kwa lugha ya masilahi yao wote, kwamba suala la mpaka si malalamiko ya nchi moja ndogo dhidi ya jirani yake mkubwa, kwa kuwa linahusu mkataba wa amani na uadilifu wa soko la pamoja. Matunda ya kazi hiyo yalionekana tarehe 29 Aprili 2017, viongozi wa nchi 27 zilizobaki walipopitisha mwongozo uliotaja masuala matatu ya kushughulikiwa kabla ya mazungumzo ya biashara: haki za raia, madeni ya Uingereza kwa jumuiya, na mpaka wa Ireland. Wiki mbili baadaye mjumbe mkuu wa jumuiya katika mazungumzo, Michel Barnier, alilihutubia Bunge la Ireland mjini Dublin na kutembelea eneo la mpakani.

Utaratibu huo wa mazungumzo ndio uliobadilisha mizani ya nguvu, kwa sababu Uingereza, iliyohitaji mkataba wa biashara na soko kubwa la Ulaya, haikuweza kuufikia bila kwanza kutoa jibu kuhusu mpaka. Katika tamko la pamoja la tarehe 8 Desemba 2017, iliahidi kwamba endapo suluhisho jingine lisingepatikana, ingezingatia kikamilifu zile kanuni za soko la pamoja na umoja wa forodha zinazowezesha ushirikiano wa kaskazini na kusini. Ahadi hiyo ilizaa kile kilichojulikana kama kinga ya mwisho, yaani kifungu cha kuhakikisha kwamba mpaka unabaki wazi hata mazungumzo mengine yote yakishindikana. Bunge la Uingereza liliukataa mkataba wenye kinga hiyo tarehe 15 Januari 2019 kwa kura 432 dhidi ya 202, na bado nchi 26 ziliendelea kusimama upande wa Ireland, jambo lisilowezekana kama hoja hiyo ingeletwa kwao wakati wa mgogoro kwa mara ya kwanza.

4. Kazi ya pili: kuulinda uhusiano na anayeondoka

Wanachama wa Umoja wa Ulaya walikubaliana kwamba jumuiya ingezungumza kwa sauti moja, na hivyo Ireland haikuruhusiwa kufanya mazungumzo ya pembeni na London kuhusu masharti ya kujitoa. Kanuni hiyo iliilinda Ireland isikabiliane peke yake na nchi yenye nguvu zaidi, lakini pia iliweka katika hatari uhusiano wa karibu ambao ulikuwa umejengwa kwa miaka mingi kupitia mikutano ya mara kwa mara ya maofisa wa nchi hizo mbili mjini Brussels.

Wizara ilitafuta nafasi ya ushirikiano ndani ya mipaka ya kanuni hiyo. Eneo la Pamoja la Kusafiri, mpango uliodumu tangu miaka ya 1920 unaowaruhusu raia wa nchi hizo mbili kuishi, kufanya kazi, kusoma na kupata matibabu katika nchi ya mwenzake, ni wa zamani kuliko jumuiya yenyewe, na kwa hiyo ulitambuliwa kuwa suala la nchi mbili. Tarehe 8 Mei 2019 Waziri wa Mambo ya Nje wa Ireland, Simon Coveney, ambaye tangu Juni 2017 alikuwa amekabidhiwa pia jukumu maalumu la kusimamia suala la kujitoa kwa Uingereza, alitia saini na waziri wa serikali ya Uingereza hati ya maelewano iliyothibitisha haki hizo. Vilevile, mazungumzo yalipokwama, mkutano wa mawaziri wakuu Leo Varadkar wa Ireland na Boris Johnson wa Uingereza, uliofanyika kaskazini-magharibi mwa England tarehe 10 Oktoba 2019, ulifungua njia ya itifaki mpya iliyokubaliwa wiki moja baadaye, ambayo iliihamishia kazi ya ukaguzi wa bidhaa kwenye bandari zinazohudumia safari kati ya kisiwa cha Britania na Ireland ya Kaskazini.

5. Kazi ya tatu: kuiandaa nchi

Diplomasia ya nje ingekuwa na manufaa madogo kama wafanyabiashara, wakulima na wasafirishaji wa Ireland wasingejua la kufanya siku ambayo Uingereza ingeondoka. Kwa sababu hiyo, wizara ilishiriki katika kuratibu kampeni ya taifa iliyozinduliwa mwaka 2018, iliyohusisha semina za wazi sehemu mbalimbali za nchi, na Bunge likapitisha mwezi Machi 2019 sheria moja kubwa iliyokusanya marekebisho katika sekta nyingi, kuanzia afya hadi usafiri.

Suala lililohitaji uangalifu mkubwa lilikuwa njia ya malori kupitia Britania, ambayo kwa muda mrefu iliunganisha Ireland na bara la Ulaya kwa gharama nafuu na kwa haraka, jambo la lazima kwa vyakula vinavyoharibika upesi. Hatua mbili zilichukuliwa kwa pamoja: Uingereza ilibaki katika mkataba unaoruhusu mizigo ya transiti kupita bila kutozwa ushuru njiani, na njia za meli za moja kwa moja zikaongezwa, ikiwemo ile ya bandari ya Rosslare kwenda Dunkirk nchini Ufaransa iliyoanza Januari 2021. Wizara yenyewe ilielemewa na maombi ya pasipoti kutoka Ireland ya Kaskazini na Britania, na mwaka 2019 ilitoa pasipoti zaidi ya 900,000. Aidha, mfuko ulioundwa na jumuiya kufidia athari za kujitoa kwa Uingereza uliitengea Ireland zaidi ya euro bilioni 1, mgao mkubwa kuliko wa mwanachama mwingine yeyote.

6. Gharama na mipaka ya mkakati

Itakuwa kosa kuueleza mfano huu kama ushindi usio na doa. Mpaka wa nchi kavu ulibaki wazi, lakini ukaguzi uliohamishiwa baharini uliwaumiza wakazi wa Ireland ya Kaskazini wanaoithamini nafasi yao ndani ya Uingereza, ambao waliona kwamba mpaka mpya umechorwa kati yao na nchi yao. Chama chao kikuu kilijitoa katika serikali ya jimbo mwezi Februari 2022, na serikali hiyo haikurejea hadi Februari 2024, baada ya Mpango wa Windsor, makubaliano ya Uingereza na Umoja wa Ulaya ya tarehe 27 Februari 2023, kupunguza ukaguzi kwa bidhaa zinazobaki Ireland ya Kaskazini. Somo linalopatikana hapa ni kwamba wizara ya mambo ya nje inayofanikiwa kuzishawishi serikali 26 za mbali inaweza kushindwa kuishawishi jamii moja iliyo karibu, na kwamba amani ya mpakani huhitaji ridhaa ya pande zote zinazoishi hapo.

7. Mafunzo kwa Afrika Mashariki

Afrika Mashariki ilipata mapema uzoefu wa kuachana bila utaratibu. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983, na makubaliano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini Mei 1984 tu. Mwaka 2000 Tanzania ilijitoa katika Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika (COMESA) ikabaki katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), wakati Kenya na Uganda zilibaki COMESA. Matokeo yake ni kwamba umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2005 umelazimika kuhudumia wanachama wenye ahadi tofauti kwa nchi za nje. Hata kujitoa kwa Uingereza kuligusa Nairobi, kwa kuwa Kenya ililazimika kutia saini mkataba wake wa biashara na Uingereza mwezi Desemba 2020 ili maua na mboga zake zisitozwe ushuru.

Kutokana na uchambuzi huu, mada inapendekeza mambo manne:

(a) Ibara ya 145 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inamtaka mwanachama anayejitoa apate theluthi mbili ya kura za Bunge lake na atoe taarifa ya miezi kumi na miwili. Kila wizara ya mambo ya nje iandae mapema mpango wa kuitumia miezi hiyo, kwa kuwa mwaka mmoja ni mfupi mno kwa nchi inayoanza kujifunza wakati saa inakwenda.

(b) Ziandikwe orodha za shughuli zinazovuka mipaka, kuanzia mizigo ya njia za usafirishaji za Ukanda wa Kaskazini na wa Kati hadi masoko ya mpakani, wanafunzi na wagonjwa, ili serikali ijue kwa ushahidi kitakachoharibika.

(c) Haki za wakazi wa mpakani kuvuka, kusoma na kutibiwa zilindwe pia kwa mikataba ya nchi mbili, ili zisitegemee uanachama wa jumuiya peke yake.

(d) Jamii za pande zote mbili za mpaka zisikilizwe kabla ya msimamo wa taifa kutangazwa, wakiwemo wafanyabiashara wadogo, ambao wengi wao ni wanawake, na ambao ndio wa kwanza kupoteza riziki mpaka unapofungwa.

8. Hitimisho

Mfano wa Ireland unaonyesha kwamba udogo wa nchi haupimi uzito wa sauti yake, iwapo nchi hiyo inayajua mahitaji yake kwa ushahidi, inawaeleza washirika wake mapema, na haikati mawasiliano na anayeondoka. Unaonyesha pia kwamba mpaka uliobaki wazi kwa malori unaweza kuendelea kuwagawanya watu ambao hawakushirikishwa. Wizara za mambo ya nje za Afrika Mashariki zina mikataba, kumbukumbu za mwaka 1977 na maofisa wenye ujuzi wa kuifanya kazi hii wakati uhusiano ungali mwema, na wakati huo ndio pekee ambao kazi hiyo inaweza kufanyika ipasavyo.