Fizikia: Msimcheke Mtoto Anayeuliza

(Hotuba kwa wazazi na vijana, Rubafu, Bukoba Vijijini)



Wazee wangu, akina mama, ndugu na vijana wapenzi,

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetufundisha kumwomba atuzidishie elimu. Mada niliyopewa leo ni somo la Fizikia katika shule za sekondari. Najua wako watakaojiuliza, Fizikia inahusiana nini na msikiti? Wengine watasema kwamba hilo ni somo gumu, tena ni la watoto wa mjini. Nawaomba mnivumilie, kwani nitaanza na jambo linalojulikana katika kila nyumba ya mkoa huu.

Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupakia tena Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Safari ile ilibeba watu wengi zaidi pamoja na mizigo, na mamia ya ndugu zetu wakafariki. Tulisema Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, na ndivyo ilivyotupasa. Lakini kuridhika na kadari ya Mwenyezi Mungu hakutuondolei wajibu wa kuuliza: chombo hupinduka kwa sababu gani?

Jibu lake huanzia katika Fizikia ya sekondari. Chombo kilichopakiwa vizuri kikiinama kidogo, maji hukisukuma juu kwa upande ule ulioinama, nacho hurudi wima. Lakini watu na mizigo wakijaa juu, kitovu cha uzito nacho hupanda. Kikipanda kupita kiasi, mwinamo mdogo hauna tena wa kuurudisha, bali huongezeka mpaka chombo kikapinduka. Yasimuliwa pia ya kwamba, meli ile ilipokuwa bado inaelea kifudifudi na watu wakisikika wakigonga kwa ndani, ilitobolewa tundu ili waokolewe. Hewa iliyonaswa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiizuia isizame, ikatoka, na meli ikaenda chini. Waliotoboa walikuwa na nia njema kabisa. Basi tuelewe ya kwamba nia njema nayo yahitaji elimu ya kuiongoza.

Ndugu zangu, watoto wetu wa kando ya ziwa wanaishi ndani ya Fizikia kabla hawajalisikia jina lake. Wanaliona kafi likitiwa majini na kuonekana kama limepinda. Wanaziona taa za wavuvi wa dagaa usiku, na msimu wa senene wanaona jinsi mwanga unavyowavuta wadudu hao. Wanajua kuwa mzigo mzito huwekwa chini mtumbwini. Kisha mtoto huyo anaingia kidato cha kwanza. Jana alisoma sayansi kwa Kiswahili. Leo anaambiwa kwa Kiingereza habari za kani, kanieneo na nishati, wala hatambui ya kuwa anafundishwa habari za kafi na mtumbwi wa baba yake. Anakariri asichokielewa, anashindwa, kisha anaamini ya kuwa hana akili.

Hapo ndipo penye hatari. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Tanzania walisoma Fizikia kwa lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na kuanzia kidato cha tatu wakapewa hiari ya kuiacha. Mtoto anayeiacha hawezi kuingia katika tahasusi za PCM wala PCB huko mbele. Kwa hiyo kijana wa miaka kumi na mitano, kwa woga tu, aweza kujifungia mlango wa uhandisi na wa udaktari kabla hajajua kuwa mlango huo upo. Na wa kwanza kuhimizwa waiache huwa ni mabinti zetu, ilhali Mtukufu Mtume (s.a.w.) ametufundisha ya kuwa kutafuta elimu ni wajibu wa kila Mwislamu.

Sasa nitawasimulia habari za mwanafunzi mmoja Mtanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aisikrimu: huchemsha maziwa pamoja na sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyaweka katika jokofu. Siku moja, kwa kuogopa kukosa nafasi, Mpemba aliyaweka yake yakiwa bado ya moto. Mwenzake aliweka maziwa ambayo hayakuchemshwa kabisa. Walipokwenda kutazama, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alipomwuliza mwalimu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa.

Hakusahau. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena. Mwalimu akamjibu ya kuwa hiyo ni Fizikia ya Mpemba, si Fizikia ya ulimwengu; na tangu hapo kila alipokosea, darasa likamtania kwa jina lake. Kisha akaja mgeni, Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa Fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya wote, akauliza swali lile lile, na wenzake wakacheka. Mgeni yule hakuwa na jibu, lakini hakucheka. Aliahidi kupima. Aliporudi Dar es Salaam jaribio likafanywa, na mwaka 1969 majina ya wote wawili, mwalimu na mwanafunzi, yakatokea pamoja katika jarida la Fizikia la Uingereza. Leo jambo hilo hujulikana duniani kwa jina la Mpemba.

Je, wanasayansi wote wamekubali? La. Wengine walioona yale yale wametoa sababu zinazotofautiana, na mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walichapisha vipimo vyao wakisema hawakuliona jambo hilo katika maji ya kawaida. Lakini angalieni: hata wanaompinga Mpemba humpinga kwa kipimajoto, si kwa kicheko. Hiyo ndiyo heshima ambayo swali lake lilistahili tangu mwanzo.

Na njia hii si ngeni kwa Waislamu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, aliandika kitabu kikubwa juu ya mwanga na macho. Wakubwa wa kale walikuwa wamesema jicho hutoa mwanga na kuvifikia vitu. Yeye hakuwafuata kwa ukubwa wao; alipima na kufikiri, akaonyesha ya kuwa mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia machoni.

Basi tufanye nini? Kwanza, mtoto akikuuliza jambo usilolijua, usimfokee. Mwambie, "Sijui, mwanangu, tulipime." Pili, mwambie ayaeleze kwa Kiswahili, au kwa Kihaya, yale aliyofundishwa kwa Kiingereza, asipoweza kuyaeleza, bado hajayaelewa, na amrudie mwalimu. Tatu, tusimruhusu binti wala kijana kuiacha Fizikia kwa sababu ya woga. Nne, tunapoitwa katika vikao vya wazazi, tusiulize habari za michango peke yake. Tuulize kama mwalimu wa Fizikia yupo, na kama watoto wanafanya majaribio kwa mikono yao.

Na nyinyi vijana, msingoje maabara. Leo jioni fungeni jiwe kwenye uzi, mlining'inize, mlisukume kidogo, mhesabu linakwenda na kurudi mara ngapi kwa dakika moja. Badilisheni jiwe, wekeni zito zaidi, lakini urefu wa kutoka pale uzi ulipofungwa hadi katikati ya jiwe uwe ule ule. Kisha urefusheni urefu huo mara nne, mhesabu tena. Kabla ya kuanza, kila mmoja aseme anachotazamia. Mtaona ya kuwa uzito wa jiwe haubadilishi hesabu, ila urefu wa uzi huipunguza hadi nusu. Hapo mtakuwa mmesoma Fizikia, kwa uzi na jiwe la Rubafu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliopotea ziwani, awape watoto wetu ujasiri wa kuuliza, na atupe sisi wazazi subira ya kuwasikiliza. Amin.